Ijumaa Usiku Utalala Wapi?

Nyinyi vijana mna raha. Mtu akitaka kujua ni mbali gani kutoka Nairobi mpaka Edmonton, kule Kanada, anagusa simu tu na jibu limefika: kilomita elfu kumi na tatu na nusu hivi, ndege mbili, zaidi ya masaa ishirini na nne ukihesabu na kungoja. Mjukuu wangu Wakesho hunicheka akiniona navaa miwani. "Babu, unatafuta nini tena na simu imeshasema?" Natafuta kile simu haikusema, mama. Hiyo ndiyo kazi niliyofanya hapa Voi mpaka nikastaafu, na ndiyo ninayotaka kuwaachia kabla kichwa hakijaanza kuvuja.

Nilikuwa nikikata tiketi za ndege. Msicheke. Najua Voi tuna treni, malori na ndovu, na ndege kubwa tunaziona zikipita juu tu. Lakini watu wa hapa wana watoto huko nje, na watoto wakikaa huko wanataka mama zao. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja kando ya duka la vipuri. Tulikuwa na meza mbili, simu ya waya, na tufe la dunia lililobonyea upande wa Brazili kwa sababu lilianguka siku tulipohamia. Mimi mwenyewe nimepanda ndege mara moja, kwenda Kisumu, na nilishikwa na usingizi kabla haijaacha ardhi. Kwa hivyo msidhani nawaringia.

Mwenye ofisi alikuwa Bi Zuhura, mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa Taveta. Alikuwa mkali asubuhi na mpole jioni, na ukitaka ruhusa ulingoja jioni. Wiki yangu ya kwanza alinikuta nikimweleza mama mmoja kilomita za kwenda London, mama wa watu ananiitikia "ee, ee," macho yamemtoka. Alipoondoka Bi Zuhura akaniita.

"Mwadime mwanangu, yule kakuuliza kilomita?"

"Aliuliza ni mbali gani."

"Basi mwambie atakula mara ngapi. Kilomita atazifanyia nini, azipike?"

Tangu siku hiyo nikapima dunia kwa chakula. London ni kula mara mbili. Guangzhou, kwa wafanyabiashara, ni kula mara tatu ukihesabu na mkate wa kule mnakobadilisha ndege. Kwa wateja wake Waislamu Bi Zuhura alipima kwa swala: alfajiri utaiswali nyumbani, adhuhuri utaiswali uwanjani, magharibi umefika. Mtu alitoka ofisini ameibeba safari yake kichwani, na hofu imepungua. Nawaambia nyinyi mnaowasaidia wazazi wenu kusafiri: msiwasomee namba. Waambieni watakula nini, watakojoa wapi, na nani atakuwa mlangoni.

Kuna na mambo ya saa. Simu inakuonyesha unaondoka saa fulani na unafika saa fulani, wewe unatoa moja kwa nyingine na kusema, ala, kumbe si mbali! Umejidanganya. Saa ya kuondoka ni ya Nairobi, na ile ya kufika ni ya kule. Ndege inayokwenda magharibi inakimbizana na jua, kwa hivyo mtu anasafiri mchana kutwa na usiku kucha na akifika anaambiwa bado ni siku ileile. Dawa yake ni ndogo. Vaa saa ya mkononi na usiiguse mpaka utakapokumbatiwa na mwenyeji wako. Saa ya nyumbani ndiyo inayojua umechoka kiasi gani.

Wateja nao walikuwa na vituko. Sisi watu wa Sagalla mnatujua kwa shida ya maji. Mzee mmoja wa kwetu alisafiri kwenda kwa mwanawe Ujerumani na kidumu cha plastiki cha lita tano, amejaza mwenyewe. Pale kwenye ukaguzi akaambiwa maji hayapiti, ayamwage. Ayamwage! Mzee akawaangalia kama watu waliomwambia amtupe mtoto. Akasimama pembeni akanywa mpaka tumbo likakataa, kisha akawaita waliokuwa kwenye foleni mmoja mmoja wanywe. Mwanawe alinisimulia kwamba watu wa mataifa manne walikunywa maji ya Sagalla siku hiyo, na ndege nzima mzee alikuwa njia moja, kitini na chooni.

Lakini lililonifanya niandike leo ni swali moja tu alilonifundisha Bi Zuhura.

Kabla sijaajiriwa pale, mwalimu mmoja wa upande wa Salaita alikata tiketi ya kwenda kwa dada yake ng'ambo. Tiketi ilisema Jumamosi, saa sita na nusu za usiku. Mwalimu akaamka Jumamosi akaaga majirani, mchana akavaa suti mpya, akafika uwanja wa Nairobi na mapema yake yote. Ndege ilikuwa imeondoka jana yake. Hakukosea saa, alikosea usiku. Kwetu sisi watu wa milimani, usiku unakuja nyuma ya mchana wake. Ukisema Jumamosi usiku, mtu ameshakula chakula cha mchana cha Jumamosi, ameoga, ndipo usiku ukaingia. Kwa ndege siyo hivyo. Ikishapita saa sita ya usiku wa Ijumaa, kwao tayari ni Jumamosi, na wewe hata hujaota ndoto ya kwanza. Bi Zuhura hakupata shida na jambo hilo, maana kwao pwani jua likitua tu wanahesabu usiku wa kesho umeanza. Alisema "usiku wa kuamkia Jumamosi" na yakaisha. Sisi tuliobaki tulikuwa tunaachwa na ndege.

"Usimuulize mtu anasafiri lini," aliniambia. "Atakujibu vizuri, na atakuwa amekosea. Muulize usiku wa kabla ya siku hiyo atalala wapi. Akikwambia nyumbani kwake, mkalishe chini."

Nimeuliza swali hilo miaka yote. Nimeliuliza kwa maaskofu na kwa wachezaji mpira. Wengi walinijibu "nyumbani" kwa tabasamu, nami nikawakalisha chini.

Sasa niwaambie habari za Mama Saru.

Mama Saru anatoka Wusi, juu milimani, na ni msukaji wa vikapu vya mkonge. Hata akiongea na wewe vidole vyake viko kazini, na usidhani hakusikilizi. Binti yake Saru aliolewa Edmonton. Ofisi yetu ilikuwa imeshafungwa wakati huo, Bi Zuhura ametangulia mbele ya haki, nami nimestaafu niko kwangu Mabomani, hapahapa Voi, na lile tufe lililobonyea, ambalo hakuna aliyelitaka. Siku moja Mama Saru akaja kunisalimia, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mtu anayeulizia ugonjwa, "Mzee Mwadime, huko kwa Saru ni mbali gani?"

Nikamletea tufe. Akachomoa uzi wa mkonge kwenye kikapu alichokuwa anasuka, nikamshikia ncha moja pale Nairobi, akauvuta mpaka Edmonton. Alidhani utapita baharini, moja kwa moja kuelekea machweo. Alipoukaza, uzi ukapanda wenyewe. Ukapita Misri, ukapita Ujerumani, ukaenda juu kabisa kwenye barafu ndipo ukateremkia Kanada. Akauachia, akaukaza tena. Ukarudi palepale.

"Kumbe njia fupi inapita kwenye baridi," akasema. Kisha akaupima uzi kwa mkono wake. "Shubiri moja na nusu. Si mbali sana."

Akacheka, na hapohapo machozi yakamtoka, akanieleza. Saru alikuwa mjamzito. Mara mbili alikuwa amebeba mimba akiwa huko, na mara mbili alibaki mikono mitupu, peke yake na mumewe kwenye nyumba ya ghorofa, hakuna hata shangazi wa kumpikia uji. Hii ya tatu ilikuwa imeshika. Madaktari walipanga kumfanyia upasuaji Jumatatu fulani. Na Saru, mtu mzima mwenye kazi yake, alikuwa amemwambia mama yake kwenye simu, "Mama, sitaki kuingia huko ndani kama hujafika."

Tiketi aliikata Saru mwenyewe kule, akaituma kwa simu. Mama Saru akapewa viza. Kanisa la Wusi likapanga kumuaga. Mambo yote yakaenda sawa na mimi sikuitwa popote, kwa sababu siku hizi nani anamhitaji Mwadime?

Ijumaa moja, saa nne asubuhi, namuona mlangoni. Ameteremka Voi kununua mkonge uliotiwa rangi nyekundu wa kumalizia kikapu cha mjukuu. Amepitia kunipa kwaheri.

"Nasafiri kesho usiku," akasema. "Saa sita na dakika arobaini. Kesho mchana kanisa wananiombea, halafu nipande treni ya alasiri. Karibu basi, kuna kuku."

Nikafurahi naye. Nikamwambia akae. Halafu, kwa mazoea tu, kama mtu mwingine anavyouliza habari za shamba, nikauliza, "Na leo usiku utalala wapi?"

"Si kwangu Wusi? Nilale wapi tena?"

Nikamwomba simu yake. Jumamosi, sifuri sifuri arobaini. Nikaisoma mara tatu nikiomba iwe mimi ndiye nimezeeka.

"Mama Saru, ndege yako ni leo."

"Wewe Mwadime, usinifanyie mzaha."

"Ni leo. Jua likizama leo unatakiwa uwe unaingia Nairobi."

Hakupiga kelele. Aliweka kikapu chini, na hiyo ndiyo mara ya pekee nimeona mikono ya yule mama imekaa bure. "Nilimwambia nitafika kabla hajaingia," akasema. "Ile ya kwanza sikuweko. Ya pili sikuweko." Nami nikaogopa, wajukuu. Nimewahi kuona watu wameachwa na ndege za harusi, na hata za mazishi, lakini siku hiyo niliogopa kama mtoto. Kupata tiketi nyingine kabla ya Jumatatu ilikuwa ndoto.

Sasa shikeni hili. Safari ikikubana, usihesabu kutoka ulipo kwenda mbele. Anzia kwenye ndege urudi nyuma. Ndege inaondoka saa sita na dakika arobaini usiku, lazima uwe uwanjani saa tatu na nusu. Treni ya alasiri inaingia Nairobi mapema kuliko hapo, na kituo chake si mbali na uwanja. Kwa hivyo njia ilikuwepo, kama treni ina nafasi na kama mzigo utafika Voi. Wakesho alikuwa jikoni, nikamwita na simu yake.

"Babu, imejaa. Hapana, ngoja. Iko moja! Kiti kimoja tu!"

"Kata! Kata mama, unangoja nini?"

Akakata. Nafasi ikapatikana, lakini sanduku lilikuwa Wusi na pasipoti pia ilikuwa Wusi. Nikampigia Mghoi, wifi yake Mama Saru, aliyeachiwa nyumba.

"Ati leo?" Mghoi akapiga yowe. "Leo hii? Na kuku je? Kuku bado anatembea!"

"Muache atembee. Leta sanduku na pasipoti."

"Pasipoti iko wapi?"

Mama Saru akaninyang'anya simu. "Chini ya godoro, upande wa ukutani! Siyo hilo, la chumba cha ndani!"

Tukakaa kungoja. Nikamwekea ugali na sukuma wiki, hakugusa. Baadaye akaokota kikapu chake, akafungua ule mkonge mwekundu na kuanza kusuka. Anasuka na kufumua, anasuka na kufumua. "Mikono ikikaa nitalia," akaniambia, "na nikianza sitaacha." Nikakaa naye. Nilimwambia tu habari za safari, pole pole, kwa namna ya Bi Zuhura.

"Kimanga atakachokufungia Mghoi ukile kwenye treni, usikihesabu. Kwenye ndege utakula mara nne. Mara mbili kabla ya kubadilisha ndege, na mara mbili baada. Saa yako usiiguse. Ukiona barafu chini ujue uzi wako uko sawa. Na ukishakula ile ya nne, chana nywele. Saru yuko mlangoni."

"Mara nne," akasema. Akaendelea kusuka, na safari hii hakufumua.

Mghoi na wenzake walitukuta kituoni Voi, wamekuja na pikapu iliyokuwa imepakia kabichi za Mwatate. Dereva hakushusha hata moja. Akina mama sita wa kanisa la Wusi walikuwa wamekaa juu ya kabichi, mmoja ana aproni yenye unga, mwingine ana udongo wa shamba mpaka kwenye magoti, Mghoi mbele amekumbatia sanduku. Hakuna aliyebadilisha nguo. Kimanga, ule mseto wetu wa muhogo na maharage, kilikuwa kimefungwa kwa jani la mgomba, bado cha moto. Kwenye sanduku Mghoi alikuwa ameongeza mboga ya mnavu na ndizi mbichi, nikazitoa maana najua huko zinachukuliwa mlangoni. Akanikasirikia kweli.

"Sasa mzazi atakula nini?"

"Atakula kile mama yake atampikia."

Akafuta macho kwa kanga yake.

Sherehe iliyopangwa kuchukua mchana mzima ilifanywa pale nje ya lango, kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Wakamzunguka, wakamwekea mikono, wakaomba wote kwa pamoja kwa Kidawida, lugha ya Wataita, kila mmoja na maneno yake. Walinzi wakatuachia. Pale mizigo inapolazwa chini inuswe na mbwa, mbwa akafika kwenye kimanga akasimama, na akakataa kuendelea. Mlinzi akamvuta. Mbwa akarudi. "Huyu naye ni Mtaita," akasema Mghoi, na Mama Saru akacheka kwa mara ya kwanza tangu saa nne. Akaingia ndani anacheka, kikapu mkononi, bila kugeuka nyuma.

Sisi tuliobaki tukakaa kwenye kabichi. Treni ilipoondoka tukaipungia mikono.

Usiku huo mpwa wake wa Nairobi, aliyempokea kituoni, akatuma ujumbe kwamba Mama Saru ameingia ndani ya uwanja wa ndege. Jumamosi ikapita. Jumapili, najua kwa kuambiwa, Wusi walimla yule kuku na kumwombea Saru. Jumatatu sikwenda popote. Wakesho akaniambia, "Babu, kula basi, kwani wewe ndiye daktari?" Nikamwambia anyamaze, kisha nikamwomba msamaha.

Jumanne asubuhi, nikiwa na chai yangu barazani, simu ikalia. Namba ndefu ya huko.

"Mzee Mwadime, uliniambia mara nne," akasema Mama Saru, hata salamu hakuna. "Wakaleta na ya tano, ka-aiskrimu. Nimechana nywele mara mbili."

"Na Saru?"

"Saru yuko. Amelala. Aliingia nikiwa nimemshika mkono mpaka mlangoni, wakaniambia basi mama, hapa mwisho, nikakaa hapohapo mlangoni na kikapu changu."

Aliniambia kikapu amekimaliza. Sehemu yote nyekundu, vidole vinne kutoka ukingoni, imesukwa kwangu, angani na kwenye viti vya kungojea. Alicheka kwamba kwa tufe ni shubiri moja na nusu, na kwa kikapu ni vidole vinne, kwa hivyo mimi na simu ya Wakesho tunaongeza chumvi. Nilikuwa nimejaa furaha kiasi kwamba sikujua niseme nini, na mtu asipojua la kusema husema lile alilozoea.

"Na leo usiku utalala wapi, Mama Saru?"

Sauti yake ikashuka, ikawa ile ya mtu asiyetaka kuamsha.

"Silali. Wameniwekea kiti kando ya kitanda cha Saru, lakini nitalalaje? Mtoto yuko hapa kifuani kwangu. Ngoja."

Akasogeza simu. Kwanza sikusikia kitu. Kisha nikasikia chafya moja, ndogo sana.

Na mimi, barazani kwangu Mabomani, chai imenipoa mkononi, nikamwambia, "Afya, mjukuu wangu."